Shimo Halikamuliwi

Shimo halikamuliwi.

Mmelisikia neno hili leo asubuhi kwa shangazi yenu, alipomkuta baba yenu mdogo na panga mkononi. Kuku wawili wamezubaa katika banda la chini, naye alitaka kuchinja wa banda la chini na wa banda la juu, wote arobaini, amalize kazi. Shangazi akamwambia hayo maneno mawili, akamnyang'anya panga, akaingia ndani. Nanyi mkacheka, mkaja kuniuliza: bibi, nani amewahi kukamua shimo?

Kaeni basi. Mwenye karanga za kumenya aendelee kumenya, mikono haisikilizi hadithi. Methali hii ilianza hivi, na mkiniona sauti imepanda msishangae. Nimeisimulia mara nyingi na sijaweza kuisimulia nikiwa nimetulia.

Ilikuwa huku huku Ugogo, katika kijiji cha Itumbiko, wakati Bwana Mifugo akitembelea baiskeli na dawa zikija kwa treni ndani ya sanduku la barafu. Palikuwa na mjane aitwaye Nyemo. Mumewe alipofariki alimwachia tembe, watoto watatu na zizi tupu. Zizi tupu kwetu ni njaa, na ni aibu juu ya njaa.

Lakini wazee wetu walikuwa na desturi. Mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote kwake. Huwagawa, watano kwa rafiki, kumi kwa shemeji, ili maradhi au wezi wakija wasikombe mali yote kwa mara moja. Anayewatunza hukamua, na maziwa ni yake. Samadi ni yake. Miaka ikipita, hupewa ndama mmoja wa shukrani. Na desturi hiyo ilikuwa na kufuli lake: haisemwi. Ng'ombe wa nani analala kwa nani ilikuwa siri ya wanaume wawili, maana ukiitangaza ndugu watakuja kuomba na wenye kijicho watakuja kutazama.

Basi Madeje, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alimpelekea Nyemo ng'ombe kumi na mmoja. Nyemo aliwatunza miaka saba. Aliwajua kwa kwato na kwa pumzi. Alijua yupi hukataa kukamuliwa mpaka umwimbie, na yupi hupiga teke akisikia harufu ya tumbaku. Watoto wake walikua kwa maziwa yale, na mdogo wao, Mele, hakuwa na chakula kingine alichokipenda. Mwaka wa saba Madeje alimpa mtamba mmoja wa shukrani, mwenye mabaka meupe ubavuni, na watoto wakamwita Mabaka. Huyo ndiye ng'ombe pekee duniani ambaye Nyemo angeweza kusema ni wangu.

Mwaka uliofuata Madeje alinunua dume mnadani, mnene, wa nyonga pana, kwa bei ndogo ya kushangaza. Hakujiuliza kwa nini. Rahisi ni ghali, lakini methali hukumbukwa ukishafika nyumbani. Dume yule alianza kukohoa. Baada ya wiki chache ng'ombe katika zizi la Madeje walionekana wamesimama na shingo wamezinyoosha mbele, miguu ya mbele wameitanua kama mtu aliyebeba debe kwapani, wanahema kama waliopanda mlima hali wamesimama pale pale. Wanne wakafa.

Bwana Mifugo wa kata, kijana mwembamba aitwaye Chalo, alimpasua mmoja. Akakuta pafu limekuwa gumu, limegandamana na mbavu, na maji ya manjano yamejaa kifuani. Akaita watu akawaambia hii ni homa ya mapafu. Akawaeleza taratibu: ugonjwa huu husafiri kwa pumzi. Hauruki na hautembei peke yake, ng'ombe ni lazima asimame karibu na ng'ombe mwenzake. Hakuwaficha kwamba wa zizi lenye ugonjwa itabidi wachinjwe, wote waliolala pamoja. Waliobaki wachanjwe kwenye ncha ya mkia, na mtu yeyote asihamishe ng'ombe hata hatua kumi. Akaandika barua mjini kuomba chanjo.

Chanjo haikuja. Akaja Bwana Kasebele, mkubwa wa Chalo kutoka mjini.

Alikuja na lori, na watu sita wenye bunduki, na daftari la josho kwapani, lile lenye hesabu ya ng'ombe wa kila mtu. Chalo alipoanza kueleza habari za chanjo, akaambiwa kwamba chanjo hungoja wiki tatu ndipo ifanye kazi na risasi haingoji, na kwamba kazi yake yeye ni kushika kamba. Kasebele akafungua daftari. Madeje: ng'ombe ishirini na watatu. Wanne wamekufa, wabaki kumi na tisa. Akatazama zizini akakuta kumi na saba, akauliza wangapi kati ya hao ni wako. Madeje akajibu, wanane. Na hawa wengine tisa? Wa watu, nawatunzia. Kasebele akasema hakuja kuchinja ng'ombe wa watu ambao hawamo katika ukurasa ule, wenyewe wawafuate wakawafuge makwao.

Mmesikia? Ng'ombe tisa waliolala na wagonjwa, waliovuta pumzi ile ile, wakafungwa kamba wakapelekwa katika mazizi sita ya kijiji. Walikwenda wakikohoa, mbele ya macho ya kila mtu. Chalo alishika kichwa. Wanaume waliosimama pale walijua hatari hiyo, na walinyamaza ili siri yao ya nani anamtunzia nani isije ikafunuliwa.

Kisha Kasebele akauliza, na wako kumi na mmoja waliobaki wako wapi? Madeje akatazama chini. Alipoona bunduki akanyoosha mkono kuelekea kwa Nyemo.

Nyemo alikuwa anakamua. Alisimama na kibuyu mkononi akawaambia kwa heshima kwamba ng'ombe hawa hawajakutana na wa Madeje tangu mwaka juzi. Wanakunywa kisima cha huku na kulishwa nyuma ya kilima, waulizeni watoto, muulizeni Bwana Mifugo. Chalo akasema ni kweli. Kasebele akamwonyesha mama yule ukurasa, kana kwamba anajua kusoma, akamwambia hawa ni wa Madeje, na Madeje ana ugonjwa.

"Ng'ombe hawalali kwenye daftari, bwana mkubwa," Nyemo akasema. "Wanalala hapa."

Watu wa bunduki wakacheka. Kasebele hakucheka, alikuwa na haraka. Wakawaswaga wale kumi na mmoja mpaka shimo lililochimbwa pembeni ya kijiji, karibu na njia ya kwendea kisimani. Sitawaeleza yote. Nitawaambia moja tu: yule aliyetaka kuimbiwa alikuwa hajamaliza kukamuliwa, na alipoanguka maziwa yalitoka yenyewe, yakaingia katika udongo pamoja na damu.

Na Mabaka? Mabaka aliachwa. Ndama wa shukrani haandikwi popote, kwa hiyo hakuwamo daftarini. Alikuwa amelala katikati ya wale kumi na mmoja usiku kucha, ubavu kwa ubavu. Kama walikuwa wagonjwa, kwa nini yeye ameachwa? Kama yeye ni mzima, kwa nini wao wameuawa? Nyemo aliuliza swali hilo mbele ya lori. Lori likawashwa.

Kesho yake alfajiri Nyemo aliamka kama ilivyo desturi yake, akachukua kibuyu, akafika zizini. Mabaka alikuwa hajazaa, hana maziwa. Akasimama pale mpaka jua likachomoza. Kisha akatoka na kibuyu chake akaenda kuketi ukingoni mwa shimo, juu ya udongo mpya. Akarudi nyumbani jua lilipopanda, akawapikia watoto uji wa mtama mtupu. Siku ya pili akafanya vile vile. Na ya tatu, na kila siku. Kila aliyekwenda kisimani alimpita, akamwamkia, "Mbukwenyi," naye akaitikia vizuri kama mtu aliyeketi mlangoni kwake.

Madeje alimfuata siku moja. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Shemeji, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba akili imeanza kukuhama."

"Waambie akili ninayo. Maziwa ndiyo sina."

Madeje akavaa kofia yake. Akaondoka, na tangu siku hiyo akawa anapita njia ya mbali kwenda kisimani.

Haukupita mwezi wa pili, kikohozi kikasikika upande wa magharibi. Kisha karibu na kanisa. Kisha kwa mwenyekiti mwenyewe. Shingo zikanyooka, miguu ikatanuka. Chalo alizunguka na baiskeli yake mchana kutwa akiwasihi watu wafunge mazizi, na barua ya pili ikaenda mjini. Kasebele akarudi na malori mawili. Safari hii hakufungua daftari. Aliita mkutano akatangaza kwamba kijiji chote kimeoza, ng'ombe wote wa Itumbiko wataingia shimoni, mgonjwa na mzima, asibaki hata ndama. Wanaume wakapewa majembe wachimbe shimo la pili, kubwa mara tano, ubavuni mwa lile la kwanza.

Huko kulikuwa na ng'ombe zaidi ya mia tatu. Na kulikuwa na Mabaka, ambaye sasa alikuwa na mimba kubwa, kiwele kimeanza kujaa. Nyemo alikuwa akimhesabia siku. Alikuwa amemwambia Mele, ambaye mbavu zake sasa zilihesabika, kwamba mwezi ukiandama tutakunywa maziwa.

Asubuhi ya kuchimba, Kasebele alipofika alimkuta mjane ameketi mahali pake, kibuyu kwenye magoti. Kijiji chote kilikuwa pale. Akamwambia aondoke, watu wanataka kufanya kazi.

"Kitendawili," Nyemo akasema.

Nanyi mnajua, mtu aliyelelewa katika Kiswahili akitegewa kitendawili, mdomo humtangulia. Hata mwenye cheo.

"Tega," Kasebele akasema.

"Nina zizi la ng'ombe kumi na mmoja. Hakuna anayekohoa. Hakuna anayekula majani yangu wala kunywa maji yangu. Na watoto wangu wanalala na njaa."

Kasebele akatazama huku na huku. Mtu mmoja nyuma akakohoa, watu wakaguna. Akasema hana muda wa michezo.

"Umeshindwa? Basi toa mji."

"Haya, chukua Dodoma, mama. Ondoka."

"Dodoma siutaki, nitaufanyia nini? Jibu ni hili hapa nililolikalia." Akasimama, akamshikisha kibuyu. Alikipokea kabla hajajua anachopokea. "Wewe ndiye uliyeniwekea ng'ombe wangu humu. Basi kamua. Watoto wanangoja."

Kasebele uso ukamwiva. Alikuwa amesimama mbele ya watu mia mbili, amevaa saa na viatu vya ngozi, kibuyu cha mjane mkononi. Akasema kwa hasira, kwa sauti ambayo kila mchimbaji aliisikia:

"Mama, una wazimu? Shimo halikamuliwi."

Majembe yakasimama.

"Umesema mwenyewe," Nyemo akasema. "Sikukufundisha. Kama unajua shimo halikamuliwi, unachimba la pili la nini?"

Mchimbaji mmoja akaweka jembe chini, akapanda kutoka shimoni. Akafuata wa pili. Mzee mmoja aliyekuwa akichimba tangu alfajiri akatoka akijifuta udongo, akasema mgongo wake umechoka kuzika vitu vizima. Watu wa bunduki wakamtazama mkubwa wao, naye akakitazama kibuyu mkononi mwake.

Hapo Nyemo akawageukia wanawake wenzake, na hasira aliyoizuia miezi miwili ikapata njia. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba wanaume wanajua ng'ombe ni wa nani, lakini anayeamka alfajiri kukamua ndiye anayejua ng'ombe analala wapi, na ugonjwa hauulizi jina la mwenye mali, huuliza nani alilala kando ya nani. Kila mama aseme wa zizini kwake wametoka wapi. Mzee mmoja wa ukoo akamkatiza akimkumbusha kwamba mambo hayo hayasemwi hadharani, ni siri ya wenye mali.

"Siri yenu imekwisha kula kumi na mmoja wazima, babu," Nyemo akamjibu. "Inataka wangapi ndipo ishibe?"

Wakasema. Mmoja mmoja, kwanza kwa aibu, kisha bila aibu. Chalo alichora mazizi yote kwa mkaa juu ya bati, akaweka alama kila palipokohoa. Jua lilipofika utosini, picha ilikuwa wazi hata kwa asiyejua kusoma. Mazizi yenye kikohozi yalikuwa sita, na ni yale yale sita yaliyopokea ng'ombe waliotolewa kwa Madeje. Mengine yote, hakuna.

"Na chanjo?" Nyemo akamuuliza Chalo. "Iko wapi?"

Chalo alimtazama mkubwa wake. Kisha akatazama lile bati.

"Iko mjini, mama. Imekaa kwenye barafu tangu ile wiki waliyouawa ng'ombe wako. Niliambiwa haina haja."

Wajukuu zangu, nimesikia watu wakinguruma kama simba katika hadithi nyingi. Siku ile hakuna aliyenguruma. Walimtazama tu. Nadhani Kasebele angependelea wangenguruma. Akasema atatoa siku nne chanjo iletwe. Akaingia katika lori, na kibuyu alikuwa bado amekishika. Nyemo akakifuata dirishani, akakichukua.

Siku ya tatu Chalo alirudi na sanduku la barafu. Wale wa mazizi sita waliingia shimoni, arobaini na wawili, na hata Nyemo hakulipinga hilo, maana mgonjwa ni mgonjwa na aliyelala naye ni hatari. Lile shimo nusu liliwatosha. Waliobaki walichanjwa kwenye ncha ya mkia, kila zizi siku yake, ng'ombe wasikutane. Mikia mingine ilivimba, na dume mmoja wa mwenyekiti, aliyekuwa akilala kwa rafiki yake, alikatika ncha akabaki na kimkia kama cha mbuzi, watu wakamtania mwenyekiti mpaka uzeeni. Njia za ng'ombe zikafungwa kwa miiba miezi mitatu. Kikohozi hakikusikika tena Itumbiko.

Mnataka kujua Kasebele alifanywa nini? Alipandishwa cheo. Nyemo je, alilipwa? Hakulipwa hata kwato. Hakuna aliyekuja kusema pole. Ndiyo maana niliwaambia sijaweza kuisimulia nikiwa nimetulia.

Lakini mwezi ulipoandama Mabaka alizaa, ndama jike, mabaka yake kama ya mama. Siku za dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya ndama, zilipokwisha, alfajiri Nyemo alichukua kibuyu akaenda zizini, na asubuhi hiyo waliokwenda kisimani hawakumkuta shimoni. Walimkuta mlangoni kwake amempakata Mele, mdomo wa mtoto mweupe mpaka puani. Wakamwamkia. Mmoja akamuuliza, leo hukwenda kukamua kule? Nyemo akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya bunduki, akasema maneno ya yule yule bwana mkubwa. Na neno likaenda kisimani pamoja na ndoo, likarudi katika kila nyumba.

Sasa inukeni. Wale kuku wawili waliozubaa na wenzao wa banda la chini, baba yenu mdogo awachinje na kuwazika mbali, simzuii. Ninyi mwende kwa Bwana Mifugo mkaombe matone ya chanjo ya kideri kwa ajili ya banda la juu, tone moja katika jicho la kila kuku, kabla jua halijazama. Mnawe mikono na miguu, na asiyenawa asikanyage banda la juu. Baba yenu mdogo akiwaambia chanjo inachelewesha, na kwamba kuku hata hawakamuliwi, mwambieni bibi analijua hilo. Mwambieni na mayai pia hayaokotwi shimoni. Akizidi kubisha, mpeni jembe achimbe, kisha mpeni kibuyu.

Shimo halikamuliwi.